Saa Ile Ulipokuwa Ukiandika Insha

Hodan, aabo,

Assalamu alaikum. Nakuandikia ukiwa chumba cha pili, na nikinyamaza nakusikia ukifunga zipu ya begi, ukiifungua, ukiifunga tena. Basi la Garissa linaondoka alfajiri, na ukifika Garissa bado una njia ndefu mpaka chuoni Eldoret. Eddo yako amekwisha kukuhutubia habari za sweta, za maji ya kuchemsha, za wasichana wa kukaa nao na wa kuwakimbia. Alipomaliza alinigeukia mimi kaka yake akasema, "Na wewe mwalimu, huna la kumwambia mtoto?" Nikasema ninalo. Yeye akadhani nitafungua mdomo. Wewe unanijua, mimi maneno yangu yote ni ya ubaoni.

Jana jikoni uliniambia nikupigie nisikupigie ni mamoja, maana hutapokea. Hukusema kwa hasira, na afadhali ungekasirika. Ulisema, "Baba, nikisikia sauti yako nitakuwa najiuliza umenificha nini," kisha ukaendelea kukoroga chai. Nimelala na maneno hayo na kuamka nayo. Kwa hiyo barua hii si ya kukuaga. Naiandika ili siku moja simu yangu ikilia mkononi mwako, uipokee.

Utashangaa kwa nini naandika kwa Kiswahili. Kisomali ni lugha ya mama yako. Nikianza sentensi kwa Kisomali nasikia sauti yake ikiimalizia, na kalamu inasimama. Kiingereza ndicho kinachonilisha, lakini pia ndicho ninachojifichia, na hilo umeshaliona kwa macho yako. Kiswahili tumekiazima wote wawili, na mtu hawezi kujidai sana katika nguo ya kuazima.

Nianze na neno lile. Wageni wa tanzia walikuwa wameondoka siku nyingi, na wewe na mimi tulikuwa tukiishi kwa "ndiyo" na "hapana". Alasiri moja nilikuwa barazani nikisahihisha madaftari, ukaja na kamusi kubwa ukakaa mbele yangu. "Baba, vitu viwili vikitokea wakati mmoja, Kiingereza wanasemaje?" Nilifurahi mno kuulizwa kitu na wewe hata sikujiuliza kwa nini unauliza. Nikasimama kabisa, utadhani kidato cha tatu kizima kiko mbele yangu. "Simultaneous," nikasema.

Basi nikakufundisha. Nikakueleza kwamba asili yake ni Kilatini, simul, yaani pamoja, kwa mara moja, na kwamba Waingereza walilianza kulitumia karne ya kumi na saba hivi, baada ya wasomi kuliongezea mkia likawa kivumishi. Nikakuambia simul hiyo hiyo imejificha ndani ya assembly, ile ya kila asubuhi mnaposimama mstarini kuimba wimbo wa taifa, maana yake kukusanywa pamoja. Ukizidi kuchimba, nikasema, unafika kwenye mzizi mkongwe wenye maana ya "moja", nao ndio uliozaa same na similar. Kisha matumizi. Nikasema neno hili halitaki mambo yanayofuatana, hata yafuatane karibu namna gani. Adhana za misikiti yetu miwili hapa Habaswein haziitwi hivyo, kwa kuwa muadhini wa msikiti wa sokoni siku zote humtangulia mwenzake kwa pumzi moja, na mama yako alikuwa akiapa kwamba anafanya makusudi. Mmweko wa radi na ngurumo yake, hivyo vinaitwa hivyo, ingawa sikio linakataa. Hutokea pamoja kule juu, ila mwanga hufika mbio na sauti huja ikijikokota nyuma. Nikakukumbusha na zile hesabu zako za x na y, ambazo humpati mmoja bila kumhangaikia mwenzake.

Ulinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kamusi. Kisha ukatunga sentensi ya mfano kwa Kiingereza kisicho na doa. Ulisema kuandika kwako insha na kuzikwa kwa mama yako vilikuwa simultaneous.

Na mimi nikasema, "Sahihi."

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeiweka chini, ningekushika. Nilikuambia sahihi kama ninayepitia daftari la mtoto wa watu, nawe ukafunga kamusi ukaingia ndani. Nimefanya makosa mengi katika ualimu wangu, lakini hilo la kusema sahihi linanichoma kuliko yote, na bado naona aibu.

Mama yako hangesema sahihi. Mama yako alikuwa na neno lake la Kisomali la jambo hilo, isku mar, kwa mara moja, na hakulitolea maelezo, aliliishi. Angekuwa anakama mbuzi huku wewe umefungwa mgongoni, anabishana na jirani juu ya ua, na bado angesikia maziwa ya jikoni yakitaka kufurika kabla mimi niliyekaa kando ya jiko sijayaona. Mimi akinituma sukari na majani narudi na sukari. "Mume wangu ni foleni," aliwaambia wanawake wenzake, "kila jambo lingoje zamu yake." Walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli na haikuwa imeumiza mtu bado.

Alipofiwa na baba yake tulikwenda Takaba, wewe ulikuwa mdogo. Alikaa kati ya wanawake akilia mpaka sauti ikamkauka. Mara akakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akigombana na ngamia wake mmoja kama anayegombana na mke, akaangua kicheko, machozi bado yanamtiririka. Nilimwita kando nikamkanya, nikamwambia watu wanatazama. Akanijibu, "Machozi yana njia yake na kicheko kina njia yake. Kwani mimi nina tundu moja?" Niliona haya kwa niaba yake. Sasa ninaona haya kwa niaba yangu, maana alikuwa ananifundisha kitu na mimi nilikuwa nikichunga watu wanatazamaje.

Sasa siku yenyewe. Mengine unayajua, moja hulijui.

Alianguka alfajiri zizini, akikama, na jua lilipotoka alikuwa ameshaenda. Kwetu maiti haikai. Vijana walishika njia ya makaburini na majembe, na eddo yako na wanawake wa mtaa wakaingia kumwosha. Eddo aliniambia baadaye kwamba walipofika kwenye nywele walisimama kidogo, kila mmoja akimwangalia mwenzake, kwa sababu kuosha nywele zile ilikuwa kazi yako wewe binti. Kisha mmoja akashika.

Ndipo abti yako Noor akafika kutoka Wajir. Mtu kafiwa na dada yake asubuhi ile, na swali lake la kwanza lilikuwa lako wewe.

"Hodan anafika saa ngapi?"

"Hodan hajaambiwa," nikasema. "Yuko Garissa, ana karatasi ya Kiingereza leo. Insha."

"Gari langu hili hapa. Niende nimlete. Tukizika kabla ya magharibi kuna ubaya gani?"

"Mtihani wa taifa haufanywi mara mbili, Noor."

Aliniangalia, macho mekundu. "Na mama anazikwa mara ngapi?"

Hilo ndilo ambalo hulijui. Kulikuwa na gari, kulikuwa na dereva, na saa zilikuwepo. Mtu mmoja alisimama mbele ya watu akakutakia nafasi ya kumwona mama yako, na mimi nikamwambia hapana. Niliwaambia vijana waendelee kuchimba. Noor hajakuambia kwa kuwa ananisitiri, na mimi sitaki sitara hiyo tena.

Utasema nilifuata desturi, na watu wengi wamenifariji hivyo. Ni kweli kwetu mtu haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa mama mgonjwa kidogo, njoo. Anapofika anakuta watu wamejaa uani, anaelewa mwenyewe, na upo mkono wa kumshika asianguke. Ni desturi ya huruma na ninaiheshimu. Lakini ina nusu mbili, kumficha mtu na kumwita nyumbani, na nusu ya kwanza haina maana bila ya pili. Mimi nilichukua ile ya kuficha nikaacha ile ya kukuita.

Niliingia kaburini mimi na Noor tukampokea. Nilipotoka niliangalia saa. Mungu anisamehe, ratiba ya mtihani nilikuwa nayo kichwani, na wanafunzi wangu mwenyewe niliowafundisha walikuwa wakikalia karatasi hiyo hiyo kwenye shule yetu, ng'ambo ya barabara. Nikajua kwamba wakati ule mmeshafungua karatasi. Na moyoni, Hodan, mikono yangu ikiwa na udongo wa mama yako, nilifurahi. Nilifurahi kwamba umekaa kwenye dawati lako salama, hujui, na kalamu inatembea. Nilikuwa nimevunjika na nilikuwa nimefurahi, vyote viwili isku mar. Nilipokuwa nikimkanya mama yako kule Takaba nilidhani haiwezekani.

Halafu ile simu. Ulipiga kwa simu ya matroni baada ya siku chache, ukaniuliza mama yuko wapi mbona hapatikani. Nilikuambia ameenda Takaba kwa nyanya yako, na huko mtandao ni shida. Sikubabaika hata kidogo. Ukasema, "Basi akirudi mwambie insha nimeiandika vizuri sana." Nikasema nitamwambia. Alasiri hiyo nilikwenda makaburini nikasimama pale nikamwambia, kwa sauti, kama mwendawazimu. Ilikuwa ahadi pekee ya kweli niliyokupa katika mazungumzo yale.

Nilipanga siku ya kurudi kwako vizuri, kama ninavyopanga kila kitu. Ningekupokea steji, eddo akiwa pembeni yangu, tungekuleta nyumbani, tungekukalisha, ndipo tukuambie. Nilikwenda kumchukua eddo kwake. Basi likawahi. Ulishuka na sanduku lako la bati peke yako, na Dahira, yule anayewauzia abiria maziwa ya ngamia, akakuona. Wewe mtoto wa shule, naye anapenda kuonyesha Kiswahili chake cha steji. Yeye hakuwa na habari kwamba hujui. Nani angefikiri mtoto hajui?

"Bole sana, Hodan," alikuambia. "Samir iyo imaan, subira na imani. Mama yako alikuwa mtu ya watu. Fumilia."

Ukamuuliza, "Mama yangu amefanya nini?"

Dahira alinisimulia mwenyewe, akilia, debe la maziwa limemwagika miguuni pake. Anasema alikuvuta kifuani pake pale pale njiani, mbele ya makondakta. Tulipotokea kona mimi na eddo tulikuona umeshikwa na mwanamke ambaye si wa ukoo wetu, na uso ulioniangalia nao ndio ulionao mpaka leo ukiniangalia. Mkono wa kukushika ulipatikana, ila haukuwa wangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta nilikosea wapi, na nadhani nimepata. Niliona mambo mawili makubwa yanakujia, nikayapangia foleni. Kwanza mtihani, halafu msiba. Nilidhani ninauahirisha msiba. Msiba haukuahirishwa, ulitokea siku yake na saa yake. Wewe ndiye uliyecheleweshwa, na siku zile zote za kati, ulipokuwa ukicheka na wenzako bwenini na kumnunulia mama yako hina sokoni Garissa, nilikuacha uishi katika dunia ambayo haikuwepo tena. Ulipogundua, hukumlilia yeye tu. Ulijililia na wewe mwenyewe, yule aliyekuwa akicheka.

Nilitaka kukuokolea mtihani, na ulifaulu, naam. Watu wananipa mkono msikitini, wananiambia nilifanya uamuzi wa kiume. Kila wanaponisifu natamani waende wakakuulize wewe.

Kuna jambo eddo alinidokeza juzi, na usimkasirikie. Alisema ile insha ilikuwa juu ya mama yako na beberu wa jirani. Kwamba ulimwandika akimfukuza yule beberu mtaa mzima kwa kumlia shungi lake lililoanikwa, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, huku akimsalimu kila mzee anayempita njiani kwa adabu zote. Eddo alicheka akinisimulia, nami nilicheka, kisha nikatoka nje. Maana yake ni kwamba wakati sisi tunamfukia, wewe ulikuwa unamkimbiza. Saa ile ile. Sikuambii hili ili kosa langu lionekane na faida. Kosa ni kosa. Nakuambia tu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua umekuwa ukijichukia kwa kuwa ulikuwa unachekesha watu saa ile. Usijichukie. Katika sisi wote wewe ndiye uliyekuwa naye akiwa mzima.

Nyumba hii imekuwa kimya kwa namna ambayo hatujawahi kuizungumza. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa na mtoto. Mimi ni aabo kwako, yaani baba, nawe aabo kwangu. Mama yako alikuita hooyo, yaani mama, ukamwita hooyo, na kutwa nzima neno hilo lilikuwa likipita kati ya jikoni na uani, huwezi kujua ni nani anamwita nani. Alipokufa hukupoteza mtu wa kumwita tu, ulipoteza na wa kukuita. Nimewahi kukuona umesimama mlangoni jioni kama unayesubiri kuitwa. Nilitaka kukuita mimi. Neno halikuwa langu nikashindwa.

Nakumiss kabla hujaondoka, nisamehe neno hilo la vijana. Nimezoea kukusikia ukipita hata usiponisemesha. Kesho nitaamka nitasikia mbuzi tu.

Mengine utajifunza huko, na katika kazi hii ya uuguzi uliyoichagua utakutana na akina mimi wengi, watu wema watakaokuomba usimwambie mgonjwa, usimwambie mtoto, ngoja kwanza. Wengine watakuwa na sababu nzuri. Mimi sitakufundisha la kuwajibu, sina haki hiyo. Utakuwa unajua inakuwaje kwa yule anayengojeshwa.

Sasa lile nililotaka kukuambia. Jana baada ya kutoka jikoni nilimpigia simu abti yako Noor, na leo nimekaa na eddo. Nimewaambia siku yangu ikifika, Hodan apigiwe simu wakati ule ule. Awe katikati ya mtihani, awe na sindano mkononi, awe amelala. Asiambiwe baba mgonjwa kidogo, njoo. Aambiwe baba amekufa, kwa neno hilo hilo. Eddo alilia akasema mtu hafanyiwi hivyo. Nikamwambia huyu afanyiwe. Noor alisema, "Nitampigia mimi mwenyewe."

Na wakishakuambia, watakuuliza kama wangoje. Nimemwuliza maalim kama inafaa, akasema kumngojea mtoto aliye njiani si dhambi. Hakuna mwingine atakayejibu swali hilo kwa niaba yako, hata kama watu wamejaa uani na kaburi limeshachimbwa. Ukisema wazike, watazika, na hakuna atakayekulaumu. Ukisema unakuja, aabo, watangoja.

Baba yako